Uliza Fundi: Nimekuja kusoma usalama wa kompyuta, mbona napigwa hesabu tu?

Mwezi huu barua karibu zote zimetoka vyuoni, nadhani mitihani imekaribia maana wengi wameandika saa nane usiku. Nimechagua sita, moja ni ya mzazi. Nimezipunguza kidogo na matusi kwa wahadhiri nimeyatoa.

SWALI: Fundi mambo vipi. Niko mwaka wa kwanza, nasoma usalama wa kompyuta na taarifa. Kusema ukweli niliichagua hii kozi baada ya kuangalia mavideo ya watu wanaingia kwenye kompyuta za wenzao ndani ya dakika mbili, sasa tuko semesta ya pili na hakuna mtu amenifundisha kuhaki hata kalkuleta. Ni hesabu, lugha ya C ya kuandikia programu, mifumo endeshi, netiweki, afu kuna somo linaitwa misingi ya usalama ambapo mhadhiri kakaa wiki nne nzima anaongelea maneno matatu tu, usiri, uadilifu, upatikanaji. Nina rafiki hasomi chuo, ana Kali Linux, ule mfumo endeshi uliojaa tuulu za kuhaki, kwenye laptopu yake na ananicheka kila siku. Hivi nimeibiwa ada au? – *Mwaka wa Kwanza Mwenye Hasira*

FUNDI: Hujaibiwa mdogo wangu, ila naelewa hasira zako, na mimi nilipitia hapohapo. Kwanza tumalizane na huyo rafiki. Siku akikucheka tena muulize swali moja tu, hiyo tuulu ikishakuambia imefungua mlango, mlango ulikuwa wazi kwa sababu gani? Akijibu vizuri, kaa naye karibu, ana kitu. Akianza kukuonyesha amri nyingine ya kubandika, basi yeye ni dereva wa gari ambalo siku likizima hajui hata boneti inafunguliwa wapi.

Hayo maneno matatu yanaboa kwa sababu ukiyasikia unaona kama ni ya kawaida, kila mtu anayajua. Hebu nikupe mifano uone.

Usiri kwanza. Mwaka 2014 liligunduliwa tundu kwenye OpenSSL, programu ambayo seva nyingi sana duniani zinaitumia kulinda mawasiliano, wakaliita Heartbleed. Ilikuwa hivi. Kompyuta yako inaweza kuiuliza seva kama bado ipo hewani, inaambatanisha na neno, tuseme inaiambia nirudishie neno "habari", lina herufi 6. Seva inarudisha, mambo yanaendelea. Sasa akaja mtu anasema nirudishie neno "habari", lina herufi 64,000. Seva haikuhesabu! Ilichukua "habari" na kila kilichokaa jirani yake kwenye memori hadi ijaze hizo 64,000 ikamkabidhi, na humo ndani pangeweza kuwa na paswedi za watu au hata ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Kilichokosekana ni mstari wa kuhakiki urefu, basi. Sasa niambie, mtu ambaye hajui C na hajui memori inapangwaje ataelewaje habari hii? Atakariri jina tu.

Upatikanaji, yaani kitu kiwepo pale unapokihitaji, kumbuka WannaCry, ile programu haribifu ya Mei 2017, ilivyofunga mafaili ya watu kwa kuyasimba, yaani kuyageuza yasisomeke bila ufunguo, na kudai hela, hospitali za Uingereza zikawa zinarudisha wagonjwa. Cha kuuma ni kwamba Microsoft walishatoa apdeti ya lile tundu mwezi Machi, miezi miwili kabla, watu hawakuiweka.

Uadilifu, yaani taarifa zisibadilishwe na asiyehusika, ndio wanafunzi wengi wanauruka na mi naona ndio wa kutisha kuliko yote, kwa sababu faili likiibiwa utajua, likifungwa utajua, lakini mtu akibadilisha 38 ikawa 83 kwenye orodha ya maksi, kila kitu kinafanya kazi vizuri kabisa na hakuna anayelalamika, hasa huyo aliyepata 83.

Afu ujue hayo matatu yanagombana yenyewe kwa yenyewe, na hapo ndipo nadhani mhadhiri wako anamalizia hizo wiki nne. Chukua sheria ile ya kawaida, ukikosea paswedi mara tatu akaunti inafungwa. Umelinda usiri, safi. Lakini sasa mimi nikiwa na chuki na wewe nahitaji tu kujua jina unalologinia, asubuhi ya mtihani wa mtandaoni naandika paswedi ya uongo mara tatu, umefungiwa nje na sijahaki chochote. Dawa yako ya usiri imekuwa silaha yangu dhidi ya upatikanaji. Ukianza kuona vitu hivi popote unapopita, kwenye apu, kwenye geti la bweni, basi kozi imekuingia.

Na mhadhiri akija kwenye kanuni za Saltzer na Schroeder usisinzie. Hao wawili, wataalamu wa kompyuta, waliandika mwaka 1975, kompyuta nyingi zikiwa bado zinajaza chumba, wakataja kanuni nane za kujenga mfumo salama na mpaka leo ukichambua tukio kubwa unakuta angalau moja imevunjwa. Kwamba kila mtu na kila programu ipewe ruhusa ya kutosha kazi yake tu isizidi. Kwamba asiyetajwa haingii, yaani kawaida iwe kukataa na ruhusa ndio iombwe. Ninayoipenda mimi ni ile inayosema ulinzi lazima uwe kitu ambacho mtu wa kawaida anaweza kukitumia bila kuteseka, maana ukimlazimisha mtu abadilishe paswedi kila mwezi ataiandika kwenye karatasi abandike chini ya kibodi, na hapo umeshindwa wewe, usimlaumu yeye. Kuna nyingine inasema kila ombi likaguliwe, kila mara, hiyo ishike maana tutaihitaji kwenye barua ya mwisho.

Kali Linux iweke, siku ya jumamosi chezea, kwenye mashine zako mwenyewe. Ila usiache C.

SWALI: Fundi, nimenyimwa maksi na nadhani nimeonewa. Swali lilikuwa eleza paswedi zinahifadhiwaje kwenye seva. Nikajibu zinasimbwa kwa hashi, afu mtumiaji akilogini zinafunguliwa na kulinganishwa. Sifuri! Hata nusu maksi sikupewa. Wenzangu watatu wameandika hivyohivyo. – *Nimeonewa*

FUNDI: Wanne mmeandika hivyohivyo, sawa, hilo ni suala jingine mmalizane na mhadhiri.

Hujaonewa. Tatizo ni neno "zinafunguliwa". Kusimba ni kufunga sanduku, mwenye ufunguo atalifungua. Hashi haina ufunguo na haifunguki, ni kama kusaga, ukishapata unga huwezi kurudisha punje. Seva inachofanya ni kuchukua paswedi uliyoandika sasa hivi, inaisaga upya, inalinganisha unga na unga. Yenyewe haihitaji kuijua paswedi yako kabisa, ndio maana huduma ikikutumia paswedi yako ya zamani kwa imeili ukisema umeisahau, kimbia, maana yake wanayo.

Na hilo kosa lako usilione dogo, limeshafanywa na watu wakubwa. Adobe, kampuni ya programu, walipovamiwa mwaka 2013 ikajulikana kwamba paswedi za mamilioni ya watu walizisimba badala ya kuzisaga, tena kwa njia ambayo paswedi mbili zinazofanana zinatoka zikiwa zinafanana. Pembeni yake yalikuwepo maneno ya kukumbushia ambayo watumiaji walijiandikia wenyewe, hayo yakiwa wazi kabisa. Kwa hiyo unatafuta watu wote wenye msimbo mmoja, unasoma vikumbusho vyao, mmoja kaandika kitu cha fumbo, wa pili kaandika nusu, wa tatu kamwaga yote, umeshawapata wote. Hata ufunguo hukuuhitaji.

Sasa usikimbilie kusema basi hashi imemaliza kila kitu. LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, mwaka 2012 paswedi zao zilikuwa zimesagwa kwa SHA-1, aina mojawapo ya hashi, lakini bila chumvi. Chumvi ni herufi za bahati nasibu, tofauti kwa kila mtumiaji, zinazochanganywa na paswedi kabla ya kusaga ili watu wawili wenye paswedi moja watoke na unga tofauti. Bila chumvi mwizi anasaga orodha ya paswedi za kawaida mara moja tu, kisha anailinganisha na watu wote kwa mpigo. Tena hashi za kawaida zimetengenezwa ziwe na kasi, na hapa kasi inamsaidia mwizi maana anajaribu mabilioni kwa muda mfupi, ndo maana kwa paswedi tunatumia zile za polepole kwa makusudi kama bcrypt na Argon2. Mhadhiri akikuuliza kwa nini tunataka kitu cha polepole, hapo ndipo utapata maksi zako.

Kumbuka pia kampuni ya RockYou, mwaka 2009, paswedi milioni 32 na hazikusimbwa wala kusagwa, maandishi matupu. Hao hata wewe ungewapa sifuri.

SWALI: Mimi hesabu ndo ilinikimbiza nikaja kompyuta, nilidhani nimepona. Sasa tumefika RSA, ile njia ya kusimba ujumbe kwa namba, mhadhiri anajaza ubao, sielewi hata herufi. Inawezekana kufaulu hii kozi bila kuelewa? – *Aliyekimbia Hesabu*

FUNDI: Inawezekana kufaulu, watu wanakariri. Lakini usikariri, chukua kalamu tuifanye sasa hivi kwa namba ndogo, dakika kumi tu, acha kwanza zile herufi za ubaoni.

Chagua namba tasa mbili, 3 na 11. Zidisha, 33. Hiyo unaitangaza kwa dunia nzima. Sasa punguza moja kila upande, 2 na 10, zidisha upate 20. Hiyo 20 ni siri, usimwambie mtu. Chagua namba isiyogawana chochote na 20, tuchukue 3, nayo itangaze. Halafu tafuta namba ambayo ukiizidisha na 3 kisha ukagawa kwa 20 unabaki na 1. Ni 7, maana 3 mara 7 ni 21. Hiyo 7 ndio ufunguo wako wa siri, ifiche.

Mimi nataka kukutumia ujumbe, ujumbe wangu ni 4. Nazidisha 4 mara 4 mara 4, 64. Nagawa kwa 33, inabaki 31. Nakutumia 31 hadharani, kila mtu aione. Wewe unachukua 31 unaizidisha yenyewe mara 7 na kugawa kwa 33 uone baki. Usiogope ukubwa wake, 31 ni sawa na 33 kutoa 2, kwa hiyo kwenye dunia hii ya mabaki ichukulie kama hasi 2. Hasi 2 ikizidishwa yenyewe mara saba ni hasi 128. Ongeza 33 mara nne, yaani 132, unapata... 4. Ujumbe wangu huo!

Ukishaona hiyo 4 imerudi rudia tena na ujumbe mwingine, jaribu 5, jaribu 2. Mi nilirudia mpaka nikaacha kuogopa, na nilikuwa mtu mzima tayari.

Usalama wake uko wapi? Adui anaiona 33 na 3. Akiweza kuvunja 33 arudi kwenye 3 na 11, kwisha habari yako, na kwa 33 mtoto wa darasa la tano anaweza. Lakini kwenye matumizi halisi ile namba ina biti 2048, zaidi ya tarakimu 600, kuzidisha ni rahisi ila kurudi nyuma kwa kompyuta tulizonazo hakuna aliyeonyesha njia ya kumaliza leo wala kesho. Rivest, Shamir na Adleman waliileta hii mwaka 1977, mwaka mmoja baada ya Diffie na Hellman kuchapisha wazo kwamba watu wawili wasiowahi kukutana wanaweza kupatana siri huku adui anasikiliza kila neno. Kabla ya hapo ilibidi ufunguo ubebwe na mtu. Ukifikiria vizuri ni kitu cha ajabu sana, mimi mpaka leo sijakizoea.

Hesabu unayoihitaji ni hiyo ya mabaki, uwezekano kidogo, na mantiki. Ile iliyokukimbiza shule nadhani ni nyingine kabisa.

SWALI: Fundi shikamoo kama umenizidi umri. Mimi ni mama wa kijana anayesoma hiyo fani. Amerudi likizo anasema wamefundishwa jinsi virusi vinavyofanya kazi na jinsi ya kuvunja siri za watu. Nimeshtuka. Chuo kinafundisha wizi? Si ndio tunawapa wezi elimu? – *Mama Mwenye Wasiwasi*

FUNDI: Shikamoo yako siipokei mama, mi ndio nakuamkia, shikamoo. Usiwe na hofu.

Kulikuwa na mwalimu wa lugha, Auguste Kerckhoffs, mwaka 1883 aliandika kuhusu siri za kijeshi akasema mfumo mzuri ni ule ambao hata adui akiuteka na kuujua wote, bado uko salama mradi hajapata ufunguo. Fikiria kufuli la mlango wako. Kama usalama wake unategemea kwamba hakuna mtu anayejua kufuli linatengenezwaje, basi siku fundi mmoja akikosana na kiwanda mmeibiwa wote. Kwa hiyo kijana wako kujua jinsi linavyovunjwa ndio njia ya kujua lipi halivunjiki. Wezi wenyewe walishajifunza zamani, hawakusubiri chuo.

Na kazi nyingi za fani hii wala hazina mbwembwe, ni kukaa kusoma rekodi za seva, kukagua nani ana ruhusa ya nini, kuandika ripoti, kuhakikisha bakapu zinafunguka kweli. Kikulacho ki nguoni mwako, mara nyingi shida inaanzia kwa mtu aliyehama idara miaka miwili iliyopita na bado ana ruhusa zake za zamani. Muulize mwanao wamefundishwa sheria na maadili? Kama anajibu ndiyo ila linaboa, basi chuo kinafanya kazi yake.

SWALI: Nahitaji laptopu ya nguvu gani kwa hii kozi? Wenzangu wana za kuchezea gemu.

FUNDI: RAM ya 8 GB inatosha kuendesha mashine pepe moja mbili, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, hapo ndipo utavunja vitu bila kumuumiza mtu. Ukipata 16 utafurahi. Zile taa za rangi hazisaidii kitu.

SWALI: Fundi hii ni siri. Nilikuwa naangalia matokeo yangu kwenye mfumo wa chuo nikaona kwenye linki mwishoni kuna namba, ni namba yangu ya usajili. Nikabadilisha tarakimu ya mwisho. Yakatokea matokeo ya mtu mwingine!! Nikajaribu nyingine tano hivi, zote zinafunguka. Nimewaonyesha marafiki wawili. Mmoja anasema tuandike kaprogramu kavute matokeo ya chuo chote tuwapelekee uongozi kama ushahidi ili watuamini. Tufanye? – *Niliyeona Mengi*

FUNDI: Hapana. Acha sasa hivi, ukimaliza kusoma hapa usifungue hiyo linki tena.

Nitakuelezea kwa nini kwa kisa ambacho wahadhiri wengi wanakitaja ila haraka haraka. Novemba 2, 1988, mwanafunzi wa chuo cha Cornell, Marekani, Robert Tappan Morris, aliachia mnyoo, yaani programu inayojinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine, kwenye intaneti ya wakati ule, akaurushia kutoka kwenye kompyuta ya MIT, chuo kingine hukohuko. Ulikuwa unaingia kwa njia kadhaa, mojawapo ni kumwaga data nyingi kuliko nafasi iliyotengwa kwenye memori, nyingine ni kubahatisha paswedi. Haukufuta faili hata moja. Uliwekewa na breki, ukifika kwenye mashine unauliza kama mwenzake yupo tayari, akiwepo unajiondoa. Lakini Morris aliogopa kwamba wasimamizi wangeudanganya kwa kujibu yupo, akauwekea kwamba mara moja kati ya saba ubaki tu hata ukijibiwa hivyo. Moja kati ya saba ikawa nyingi kuliko alivyopiga hesabu, nakala zikarundikana, mashine zikazama, inakadiriwa kama 6,000 ziliguswa wakati intaneti nzima ilikuwa ndogo. Akashtakiwa, akahukumiwa miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Baadaye alikuja kuwa profesa MIT, hiyo sehemu najua ndio mtaipenda, lakini msiihesabie.

Nia yake haikusaidia, na kaprogramu kenu nako kanaweza kuwa na moja-kati-ya-saba yake, kakaishinda seva ya chuo wiki ya matokeo, na kwenye rekodi za seva hakuna sehemu imeandikwa "hawa walikuwa na nia njema". Kuna maelfu ya maombi kutoka akaunti yako, basi.

Na ushahidi mlionao unatosha, hata umezidi. Rekodi moja isiyo yako ingetosha kuonyesha tatizo, hizo nyingine tano zilikuwa udadisi, zikubali hivyo ukiulizwa. Tafuta kwanza kama chuo kina utaratibu wa kuripoti matundu, uufuate. Kama hakuna, nenda kwa mhadhiri wa somo la usalama unayemwamini, akusindikize kwa watu wa mifumo, usiende peke yako na usitume bila jina maana akaunti yako iko kwenye rekodi tayari, utaonekana ulikuwa unajificha. Andika kwa ufupi: siku gani saa ngapi, ukurasa upi, ulibadilisha nini, ulifungua rekodi ngapi, na kwamba hukuhifadhi. Usiandike majina ya wenye matokeo. Usiombe zawadi. Usiwatishie kwamba utatangaza, hilo likishaandikwa barua yako inageuka kitu kingine kabisa mbele ya sheria. Wakikaa kimya wape muda, uliza tena kwa maandishi ukimtaja yuleyule mhadhiri.

Jina la tatizo lenyewe mnalo, nimemwambia mwenzenu wa barua ya kwanza: kila ombi likaguliwe, kila mara. Mfumo wenu unakagua kwamba umelogini, mara moja mlangoni, afu haukuulizi tena kama haya matokeo unayoyafungua ni ya kwako. Ukiliandika hivyo kwenye ripoti yako watu wa mifumo watajua pa kurekebisha siku hiyohiyo.

Na wale marafiki wawili, waambie wafute skrinishoti. Najua walipiga.